Nilivyomfuata Marwa kwenye rashi ya Nyakunguru ili mfumo wa tembo wa Morotonga usife

Wakuu, salamu zenu. Mnaosoma ofisini huku mkimkwepa bosi, na mlioko nyumbani mnamalizia bando, wote nawasalimu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika la kwangu. Ni mambo yaliyonipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina ya watu nimebadilisha kwa sababu wako hai na wengine najua wanapita humu, ila mahali ni pale pale, mkoa wa Mara, kati ya Serengeti na Tarime.

Ni ndefu kidogo. Kama uko kwenye foleni benki, huu ndio muda wake.

Kwanza mnijue. Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Sirari. Mama yangu anauza nafaka pale mpakani na nusu ya ndugu zake wako Isebania, upande wa Kenya. Nasema mapema ili msije mkaniita "kaka" kwenye comments kama mlivyozoea.

Kazi yangu ni utafiti wa software, hasa upande wa maintenance. Wenzangu wengi wanapenda kutengeneza vitu vipya. Mimi napenda kujua kwa nini vya zamani vinakufa, na vile visivyokufa vinaishije.

Kuna kitu watu wa fani wanakiita technical debt. Niieleze kienyeji.

Nyumba yako inavuja na wingu limeshafunga. Huna muda wa kutafuta fundi, unatupa nailoni juu ya bati na unaweka jiwe ili upepo usiichukue. Haivuji tena. Mwaka unaofuata inavuja kwingine, nailoni nyingine, jiwe jingine. Siku ukimuuzia mtu hiyo nyumba, anapanda juu anakuta mawe yamejaa, hajui lipi linashikilia nini, anaogopa kugusa lolote.

Code nayo iko hivyo hivyo. Njia za mkato zinarundikana mpaka hakuna anayethubutu kugusa.

Twende.

Kipindi hicho nilikuwa nafanya shahada ya pili. Msimamizi wangu alitaka nikakae kwenye taasisi kubwa za mjini zenye mifumo mikubwa. Nikamwambia hapana, nataka mfumo mdogo ambao wafadhili wake walishaondoka na bado unafanya kazi. Wakuu, hiyo ni ajabu. Kwa kawaida mfadhili akifunga begi, na mfumo unafumba macho.

Shemeji yangu anayefundisha Mugumu ndiye aliyeniambia kuna kitu kama hicho Morotonga.

Nikaenda.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa kuwaonya wakulima tembo wanapotoka hifadhini kuja mashambani. Kule mahindi na mtama vikikaribia kukomaa, tembo wanajua kabla yako. Kundi moja likiingia shambani, unaamka huna kitu.

Kwa hiyo wakulima walikuwa na walinzi wa zamu wanaokaa kwenye madungu pembezoni. Mlinzi akiona tembo, anatuma herufi moja tu kwa simu, herufi ya eneo lake. Kompyuta inapokea, inaangalia eneo lile lina wakulima gani, inawatumia wote meseji, na askari wa wanyamapori nao wanapata. Watu wanatoka na madebe, tochi na matofali ya pilipili. Yale ni kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na pilipili, kikikauka unakichoma, tembo hapendi ule moshi kabisa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa laptop ya zamani, kioo kimepasuka kona, imekaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la dada mmoja anaitwa Bhoke. Pembeni yake kuna modem yenye laini ya simu. Hiyo ndiyo "server", wakuu. Juu yake walikuwa wameweka kitambaa cha kufuma kama kile cha kwenye redio.

Bhoke alikuwa rika langu. Anachaji watu simu, anauza sabuni na mafuta ya taa, na alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima. Mtu wa maneno machache. Kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anaizima ile kompyuta na kuiwasha tena.

Nikamuuliza, "Kwa nini Jumapili?"

"Marwa alisema niizime kila Jumapili."

"Alisema kwa nini?"

"Sikumuuliza. Na wewe usiache kuizima ukiwepo."

Marwa ndiye aliyeandika ule mfumo. Wafadhili walipoondoka yeye alibaki misimu kadhaa akiutunza peke yake, halafu siku moja akachukua begi akaenda Nyakunguru. Wakati huo rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, ilikuwa imepamba moto. Habari zilikuwa zimesambaa kwamba wachimbaji wadogo wameangukia mwamba mzuri, watu wanatoka Kenyamonta, Musoma, Geita, hata wajomba zangu wa Isebania walivuka. Walimu waliacha chaki. Mtu wa IT kuacha laptop halikuwa jambo la kushangaza.

Nikafungua code nikaanza kusoma.

Nitawaambia ukweli, nilifurahi kama mtoto. Kwa mtafiti wa technical debt, pale palikuwa shamba la mavuno. Kipande kile kile cha code kimenakiliwa kwenye mafaili mengi, kila kijiji na faili lake. Sehemu nyingine programu inakaa kimya bila sababu yoyote kati ya meseji moja na nyingine. Mahali fulani kuna masharti ya ajabu kuhusu namba moja ya simu, na juu yake ameandika kwa herufi kubwa: USIGUSE, YA W.

W ni nani? Hakuna maelezo.

Nikajaza kurasa nikieleza kila kitu kilivyokaa vibaya. Nikaweka alama kwenye mistari ya kufuta. Hizo kimya za katikati, futa. Hiyo ya W, futa. Nilikuwa na mpango mzuri kabisa wa namna mfumo ule ungeandikwa upya.

Sasa hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Mvua moja ya radi ikapiga mchana. Radi ya Serengeti mnaijua wenyewe. Tuliporudi chumbani modem ilikuwa imekufa, inanuka plastiki iliyoungua. Laptop ilipona kwa sababu Bhoke alikuwa ameichomoa ili achaji simu ya mtu.

Nikasema hii ni ndogo. Nikaenda Mugumu mjini, nikapata modem nyingine, nikaja nikaichomeka. Mfumo ukaikataa. Nikahangaika nayo, nikabadilisha hapa na pale, ukaanza kutuma meseji lakini kwa eneo moja tu. Maeneo mengine kimya. Nikirekebisha faili hili, lile linagoma.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani. Wiki chache tu zilibaki kuvuna.

Jioni ile wanakikundi walikuja dukani kuuliza. Mmoja wao alikuwa Mzee Wambura. Shamba lake ndilo la kwanza ukitoka upande wa hifadhi. Mke wake aliuawa na tembo msimu mmoja kabla ya mfumo kuwekwa, walikuwa wanalinda wawili tu, kwa debe na kijinga cha moto. Tangu hapo alikuwa analima peke yake, na hakutaka kuhama.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba. Binti, hiyo mashine imekufa?"

"Haijafa mzee. Inaumwa."

"Utaitibu?"

Nikamwambia nitaiandika upya yote, itakuwa nzuri kuliko ile. Nilikuwa naamini kabisa. Mzee akamtazama Bhoke.

Bhoke akasema, "Dada, wewe ni msomi na sikatai. Lakini usifute kitu cha Marwa kabla Marwa hajakiona. Nenda ukamtafute."

"Nyakunguru?"

"Si mbali. Ukivuka Mto Mara unauliza."

Kesho yake nikapanda bodaboda na laptop kwenye begi la mgongoni, nimeifunga kwa nailoni. Dereva alikuwa anaimba njia nzima, nyimbo za kanisani, na mimi namsaidia kiitikio. Ilikuwa safari nzuri kuliko sababu yake.

Kwa ambaye hajawahi kuona rashi, niwape picha.

Unafika mahali ambapo ramani inasema ni kijiji, unakuta mji wa maturubai. Karasha zinasaga mawe, kelele mpaka kifuani. Vumbi jeupe. Wamama wamekaa chini wanaponda mawe kwa nyundo huku wanapiga soga. Chapati, viatu vya mtumba, mhubiri na spika yake, kinyozi chini ya mwavuli. Kila mtu ana uso wa mtu anayetegemea kupata kesho. Nilikuwa nimezoea kusikia mabaya tu ya machimbo, sikutegemea kukuta watu wanacheka kiasi kile.

Tatizo likawa jina. Ukitamka "Marwa" penye Wakurya, nusu ya watu wanageuka.

Kijana mmoja wa karasha akaniuliza, "Marwa yupi dada, wa mawe, wa pombe au wa pampu?"

"Aliyesoma kompyuta."

"Ah, huyo ni wa pampu."

Nikamkuta pembeni ya duara, yaani shimo la kuchimbia, amechuchumaa kwenye pampu ya maji, anasikiliza mlio wake kama daktari. Mrefu, mwembamba, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Nikajitambulisha. Niliposema natoka Morotonga akasimama.

"Wazima?"

"Wazima."

"Mzee Wambura bado anapata ule mlio wake?"

Sikuelewa. Nikamwambia modem imeungua, mpya inakataliwa, na msimu ndio huo umefika.

Marwa alikulia kwa bibi yake Isebania na chuo alisomea Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa na miguu pande zote mbili za mpaka.

"Saa hii siwezi toka," akasema. "Chini kuko na watu, na hii maji ikipanda ni shida. Lakini mwenzangu anakuja kushika zamu saa kumi. Ukuje na hiyo mashine pale kwa mama ntilie."

"Huwezi kuja Morotonga hata siku mbili?"

Akatikisa kichwa. "Tumekaribia mwamba. Mtu akiondoka saa hii, kikundi kinaweka mwingine. Nimemwaga jasho hapa msimu mzima, dada. Si kwamba sitaki."

Nilimwelewa. Nikachukua chumba Nyamongo, mji wa jirani, na kila siku saa kumi tukawa tunakutana kwa yule mama ntilie. Laptop juu ya kreti la soda, Marwa kanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kelele za karasha zikipungua. Wenzake wakipita walimtania, "Profesa, umerudi shule?" Anacheka, anaendelea.

Siku ya kwanza nilimwonyesha mistari niliyoweka alama ya kufuta. Nilitegemea angekasirika au aone aibu. Hakufanya hata kimoja. Alikaa akasoma taratibu kama mtu aliyekuta picha zake za zamani.

Akaanza na zile kimya za katikati ya meseji.

"Hii ni ya mnara," akasema. "Kule mnara ni mmoja. Siku ya kwanza nilituma meseji zote kwa mpigo, zikakwama zote. Zilifika asubuhi, tembo walishamaliza kula. Nikaweka kupumua. Inatuma, inapumua, inatuma."

Kuizima Jumapili ni kwa sababu programu ilikuwa inajaza kumbukumbu ya kompyuta kidogo kidogo mpaka inaganda, na yeye hakuwahi kupata muda wa kutafuta chanzo. Akachagua Jumapili kwa sababu Bhoke hasahau kanisa.

Nikamuuliza, "Na hii ya W?"

Akausoma ule mstari tena.

"Hiyo ni ya Wambura. Mzee hajui kusoma. Meseji ikiingia kwake ni kama hakuna. Na wale vijana waliokuwa wanamsomea walihama. Kwa hiyo kwake mfumo haitumi meseji. Unampigia, simu inalia, inakata, inalia tena. Nikamwambia mzee, simu ikilia na kukata hivyo, usipokee, toka nje."

Wakuu, niliweka kalamu chini.

Ule mstari nilikuwa nimeuandikia kwamba hauna kazi na uondolewe. Kama Bhoke asingenizuia, ningeandika mfumo msafi, wa kisasa, wenye kupendeza macho, na mtu mmoja tu asingepata onyo. Yule ambaye shamba lake ndilo la kwanza.

Sikulala vizuri siku hiyo. Lakini pia nilikuwa na furaha ya ajabu, kwa sababu nilijua nimekuta kitu ambacho vitabu vyangu havikuwa nacho.

Siku zilizofuata tulifanya kazi ya kweli. Shida ya modem ilikuwa kwamba amri za kuongea na ile ya zamani zilikuwa zimeandikwa ndani ya kila faili la kila kijiji. Alikuwa anaongeza vijiji kimoja kimoja kadiri watu walivyomwomba, ananakili faili, anabadilisha majina, basi. Tukazitoa zote tukaziweka mahali pamoja. Ukibadilisha modem siku nyingine, unagusa sehemu moja tu. Na kila kitu cha ajabu tulichoamua kukibakiza, tukaandika juu yake kwa Kiswahili cha kawaida ni cha nani na kwa nini.

Pale penye USIGUSE, tukaandika: "Mzee Wambura hasomi. Mfumo umpigie, usimtumie meseji."

Siku moja nikamuuliza swali lililokuwa linanisumbua. Kama aliwapenda watu wale kiasi hicho, aliwezaje kuondoka bila kumfundisha mtu?

Alikuwa anakula ugali na dagaa. Akamaliza tonge lake kwanza.

"Unajua kuwa mtu pekee anayejua kitu?" akasema. "Kaka yangu anaoa, simu inaita, modem imegoma. Niko msibani, simu inaita. Nilienda Migori kuona bibi amelazwa hospitali, nikarudi hata sijakaa chini. Nikiwa na malaria wananiletea laptop kitandani. Walikuwa watu wazuri, walileta na uji. Lakini ni kila siku. Sikujua nianzie wapi kumfundisha mtu ile fujo. Nikakimbia."

Akaonyesha kwa kidole upande wa duara.

"Hapa nikiumwa, mwenzangu anashika pampu. Hata hajui kusoma sana, lakini anajua pampu kama mimi. Hapa nalala."

Nimesoma machapisho mengi kuhusu maintenance. Hakuna lililonieleza kama yale maneno.

Kuna mdau wa jukwaa la teknolojia najua atauliza, kwa nini hatukuweka kila kitu kwenye cloud. Mkuu, kule intaneti yenyewe inapatikana ukisimama kwenye kichuguu. Tuendelee.

Nikarudi Morotonga. Tulipanga na Marwa kwamba safari hii ujuzi usikae kwenye kichwa kimoja, na kichwa changu kisiwe mbadala wa chake. Kwa hiyo sikugusa kompyuta. Nilikaa kwenye kiti cha mteja, Bhoke akakaa mbele ya laptop, nikawa namwelekeza kwa mdomo tu.

Alikuwa anachapa kwa kidole kimoja, polepole, anasoma kila neno kwa sauti. Mteja akija kununua sabuni anamwambia subiri. Alipofika kwenye yale maelezo ya Kiswahili alisimama.

"Kumbe hivi vitu vina maana."

"Vina maana."

"Miaka yote nilidhani ni maombi ya Marwa," akasema, na akacheka mpaka akafuta machozi. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka.

Tukachomeka modem mpya. Ikakubali. Tukajaribu maeneo yote, moja baada ya jingine, watu wakawa wanapiga kelele toka mashambani wakionyesha simu juu.

Majaribio ni majaribio, lakini. Tembo hawajui ratiba.

Walikuja alfajiri moja, ukungu umetanda, ndiyo kwanza jogoo wamemaliza. Mlinzi wa upande wa mto, kule mpakani na hifadhi, akatuma herufi yake. Nilikuwa nalala kwa Bhoke, tukakimbilia chumba cha nyuma tukasimama mbele ya kioo. Mfumo ukaanza kutuma. Unatuma, unapumua. Unatuma, unapumua.

Najua sababu ya zile kimya, nimeelezwa na mwenyewe, lakini siku ile kila moja niliiona ndefu kama ibada. Bhoke alinishika mkono.

"Acha ifanye kazi yake," akasema.

Tukaenda. Tulipofika karibu na shamba la Mzee Wambura tayari kulikuwa na moshi wa pilipili, unakaba koo hata binadamu. Mzee mwenyewe yuko mbele, koti juu ya pajama, anapiga debe. Watu wanatokea kwenye ukungu kutoka kila upande, wengine na vuvuzela, mama mmoja na mtoto mgongoni na sufuria mkononi.

Na ng'ambo ya mahindi, tembo. Sikuwahi kuwaona karibu hivyo bila gari. Walisimama. Mkubwa wao, jike, akainua mkonga akanusa ule moshi, akageuka taratibu bila haraka, kama mgeni aliyeambiwa wenyeji hawapo. Wengine wakamfuata kurudi mtoni.

Hakuna aliyewakimbiza. Tulisimama tu mpaka wakapotea.

Simu ya Bhoke ikalia. Alikuwa Marwa, kutoka Nyakunguru.

"Wamepita wapi?" akauliza.

"Wewe umejuaje?"

"Nimepata meseji. Namba yangu iko humo tangu zamani, sikuitoa. Kila msimu napata."

Bhoke akaweka sauti ya nje ili wote wasikie. Mzee Wambura akaisogelea ile simu akasema kwa nguvu, kana kwamba anaongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde, "Mura, kijana wangu, wamerudi mtoni. Mahindi yapo. Endelea na kazi yako."

Marwa akasema, "Asante, mzee," simu ikakatika.

Msimu ule Mzee Wambura alivuna. Nilikuwepo siku ya kupukuchua, na ugali wa mahindi yale nimekula.

Nimalizie kwa kuwaambia watu wameishia wapi, maana najua mtauliza.

Kikundi cha Marwa kilifika kwenye mwamba. Hakikupata utajiri wa kwenye hadithi, walipata cha kuwatosha kuanzia. Rashi ilivyopungua na watu kutawanyika, Marwa na yule mwenzake wa zamu walifungua kibanda cha kutengeneza pampu na jenereta. Msimu wa mavuno huwa anakwenda Morotonga kusalimia, na anapokwenda anakaa nje ya duka anakunywa chai. Hakuna anayempa laptop. Anasema ndiyo raha yenyewe.

Mimi nilibadilisha utafiti wangu karibu wote. Nilikwenda kupima uchafu wa code, nikarudi nimeandika kuhusu watu walioko nyuma ya ule uchafu, na mzigo wa yule mmoja anayebaki kuubeba. Msimamizi wangu alinung'unika kwanza, baadaye akaanza kuwasimulia wanafunzi wengine habari ya mzee na simu yake. Nilifaulu, namshukuru Mungu.

Nilichojifunza ni kwamba mstari wa ajabu kwenye code mara nyingi ni mtu. Kabla hujaufuta, uliza ni nani. Upo ambao kweli ni takataka, ile ya Jumapili ilikuwa takataka na tuliitafutia dawa. Lakini huwezi kujua kwa kuangalia tu. Na lingine ni hili, ukiona kazini kwenu kuna mtu mmoja ndiye anayejua kitu fulani, usimsifie tu kwamba ni jembe. Kaa naye akufundishe, la sivyo ataenda zake kwenye rashi yake, na hutamlaumu.

Mwezi uliopita nilipita Morotonga kusalimia. Nikakuta laptop ni nyingine kabisa. Nikamuuliza Bhoke ile ya zamani iko wapi.

"Ilikufa tangu masika," akasema, huku anampimia mteja mafuta. "Tulihamisha mfumo kwenye hii, mimi na binti wa jirani. Unafanya kazi vizuri tu."

"Mbona hukunipigia?"

Akaniangalia kama hajaelewa swali.

"Nikupigie kwa nini?"

Wakuu, siku ile nilifurahi kuliko siku niliyovaa joho.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kurithi mfumo, daftari la ofisi, shamba, hata jiko la mama mkwe, mkakuta kuna "usiguse" ambayo hamkuielewa, tupeni kisa mlivyofanya. Na kama wewe ndiye Marwa wa ofisi yenu, sema nawe tukusikie.